Kumbukumbu ya ruta ya nyumbani: pakiti kubwa zimeanza kupita tena

Jibu la SYN (pakiti ya kwanza ya kufungua muunganisho) linalofika kwenye kompyuta yangu mpakato sasa linasomeka mss 1452 badala ya mss 1460 (MSS ni ukubwa wa juu wa data katika pakiti moja ya TCP), na tofauti hiyo ya baiti nane ndiyo iliyoninyima usingizi tangu ruta yetu hapa Chumbageni, Tanga, ijisasishe yenyewe usiku bila kumwomba mtu ruhusa. Katika mpango wa awali, sehemu hii ya kumbukumbu ilikuwa iwe ya kutenga mtandao wa wageni na kuchora grafu ya ucheleweshaji wa laini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofanyika.

Dalili zilikuwa za kupotosha, kwa sababu intaneti haikukatika. Taa zote za ruta zilikuwa za kijani, kipimo cha kasi kilitoa namba ileile tunayoilipia, YouTube ilicheza bila kusita, na ujumbe mfupi wa WhatsApp ulikwenda na kurudi. Kilichogoma ni picha za vitenge ambazo mke wangu huwatumia wateja wake kila asubuhi, tovuti ya benki, na baadhi ya kurasa za serikali ambazo zilifunguka nusu kisha zikabaki zikizungusha duara. Kwenye simu, mara tu alipozima Wi-Fi, kila kitu kilipita. «Baba watoto, imegoma tena, mimi naweka bando,» ndiyo taarifa ya hitilafu niliyokuwa nikiipokea, na nikiri kwamba ilikuwa sahihi kuliko majibu ya huduma kwa wateja, ambako kila aliyepokea simu alinitaka niizime ruta, nisubiri, niiwashe, na hatimaye nirejeshe mipangilio ya kiwandani. Nilirejesha. Nilichopata ni kuandika upya nywila za vifaa vyote vya nyumbani.

Anayejua PPPoE atakuwa ameshatambua ninakoelekea. Laini yetu ya faiba inaingia kwa PPPoE, yaani ruta hujitambulisha kwa kampuni ya intaneti kwa akaunti na nywila, na PPPoE hula baiti nane katika kila fremu ya Ethaneti: sita za kichwa chake na mbili za PPP. Kwa hiyo katika 1500 zinabaki 1492 za pakiti ya IP. Ukitoa 20 za kichwa cha IP na 20 za kichwa cha TCP, unapata 1452, ambayo ndiyo MSS ambayo ruta yenye adabu huiandika juu ya ile 1460 inayotangazwa na kompyuta na seva, ili pande zote mbili zisijaribu kamwe kutumiana pakiti isiyoweza kupita.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolitazama ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti nzima inayoweza kupita, na hapo ndipo tatizo liliponichezea akili, maana ukurasa wa mipangilio ulionyesha 1492, sawa kabisa. Kutoka Windows nilipiga ping -f -l 1464 kwenda 1.1.1.1 na majibu yakaja yote (1464 pamoja na baiti 28 za vichwa ni 1492). Nilipoongeza baiti moja tu, 1465, kimya. Neno «kimya» nalisisitiza, kwa sababu ruta isiyo na kasoro inapopokea pakiti kubwa iliyokatazwa kugawanywa inapaswa kurudisha ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa za hitilafu za mtandao) wa aina ya 3, msimbo wa 4, na Windows ingeniambia wazi kwamba pakiti inahitaji kugawanywa. Badala yake nilisubiri hadi muda ukaisha. Fimwea mpya, yaani programu ya ndani ya ruta, ilikuwa inazitupa pakiti kubwa bila kumjulisha aliyezituma.

Kosa hilo peke yake lingeeleza picha zinazokwama kupanda, lakini halikueleza kurasa zinazokwama kushuka. Nikafungua tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kwenye mpakato, nikabakiza tu pakiti zenye bendera ya SYN, kisha nikafungua tovuti ya benki. SYN iliondoka na mss 1460, kama inavyotarajiwa kwa kompyuta iliyo kwenye Ethaneti ya kawaida. Jibu la seva nalo likarudi na mss 1460, ilhali lilipita ndani ya ruta ambayo ilipaswa kulipunguza kuwa 1452. Baada ya hapo salamu ya TLS, yaani ya kuanzisha usimbaji, ilitoka, seva ikathibitisha kuipokea, na kisha hakikuja kitu, kwa sababu cheti cha seva ni kirefu na kilisafiri katika pakiti zilizojaa ambazo hazikuweza kuingia kwenye laini yetu. Ni kama mtu anayekuitikia hodi kisha hafungui mlango. Ile ICMP ambayo ingepaswa kuirudia seva na kuiambia ipunguze ukubwa huzuiwa na ukuta wa moto wa wasimamizi wengi wanaodhani kwamba kila ICMP ni adui. Utaratibu huu wa kugundua MTU ya njia uliwekwa kwenye RFC 1191 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) mwaka 1990, na bado watu wanauziba.

YouTube ilipona kwa sababu hutumia QUIC, ambayo hupita juu ya UDP kwa pakiti ndogo zaidi na hukagua yenyewe ukubwa unaopita kabla ya kuongeza. Ndiyo maana kipimo cha mtumiaji wa kawaida, «mbona YouTube inacheza?», hakifai kitu katika kesi ya namna hii, na ndiyo maana fundi aliyekuja nyumbani aliangalia video moja, akatabasamu, akaondoka.

Nilitaka uthibitisho kwamba lawama ni ya fimwea na si ya laini, basi nikaitoa kabatini ruta ya zamani, ambayo plagi zake zimeshaanza kutu ya kijani kwa hewa ya bahari, nikaiwekea akaunti ileile ya PPPoE. SYN-ACK, yaani lile jibu la SYN, ikarudi na mss 1452 papo hapo na tovuti ya benki ikafunguka. Ningeiacha hapo hapo kama isingekuwa ya 2.4 GHz pekee yenye milango ya megabiti 100, katika mtaa ambao kila nyumba ina ruta inayogombania chaneli tatu zilezile.

Nikairudisha mpya na kuibana. Nilipoweka MTU 1400 kwenye ukurasa wake, kikomo cha ping kilishuka hadi 1372, kumaanisha kwamba namba ile inatumika kweli, lakini MSS katika SYN-ACK ilibaki 1460 bila kutikisika. Nilizima kuongeza kasi kwa maunzi, hali ileile. Nilijaribu kurudi kwenye fimwea ya awali, nayo ruta ikalikataa faili kwa madai kwamba toleo ni la chini kuliko lililopo. Hapa sina budi kusema ninachofikiri: kifaa nilichokinunua kwa fedha yangu, kinachojibadilisha usiku bila idhini yangu na kunizuia kurudi kilikotoka, kinaniweka mimi kuwa mpangaji ndani ya nyumba yangu. SSH, njia ya kuingia ndani yake kwa amri, hakina, kwa hiyo hata kuongeza kanuni moja ya ukuta wa moto hakuruhusu.

Kulikuwa na njia ya kupunguza MTU kwenye kila kifaa. Kwenye Windows ni amri moja ya netsh, na kwenye Linux ni rahisi zaidi, lakini simu za Android hazikupi mahali pa kuiandika bila kuzivunja ulinzi. DHCP, huduma inayogawa anwani kwa vifaa, ina chaguo namba 26 la kutangaza MTU kwa vifaa vyote, ila Windows hulipuuza, na ruta yenyewe haina pa kulijaza. Nikaachana na njia hiyo.

Kilichofanya kazi ni kuinyang'anya ruta kazi ya PPPoE kabisa. Nilikuwa na kiruta kidogo cha milango miwili, kilichotumika, ambacho kimo katika orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt, mfumo huria wa ruta. Nilikiweka kati ya kisanduku cha faiba na ruta, nikakipa chenyewe akaunti ya PPPoE, na ile ruta kubwa nikaigeuza kuwa kituo cha Wi-Fi tu, DHCP yake ikiwa imezimwa. Waya mfupi wa kuunganisha niliununua Ngamiani, na nilimwomba muuzaji anionyeshe maandishi kwenye ganda kabla ya kulipa, kwani nyaya za alumini iliyopakwa shaba zimejaa madukani na haziishi muda mrefu katika unyevu wa Tanga. Katika faili la ukuta wa moto la OpenWrt, eneo la wan (upande wa intaneti) tayari lina mstari option mtu_fix '1', na mstari huo mmoja ndio wote. Kuanzia toleo la 22.03 kazi hiyo hufanywa na nftables, mfumo wa ukuta wa moto wa Linux. Ukiorodhesha kanuni utaiona ikiandika upya ukubwa wa MSS kulingana na MTU ya njia. Nilifungua tcpdump tena, nikaona 1452, nikamwita mke wangu atume picha zake. Zilikwenda. Alisema «haya» na akaendelea na wateja wake.

Kuhusu zana: kwa kazi hii tcpdump inanitosha, na Wireshark naifungua pale tu ninapohitaji kuona kichwa cha pakiti kikiwa kimepangwa kwa macho. Programu za simu zinazojiita «daktari wa Wi-Fi» hazina msaada hapa, kwa sababu karibu zote hupiga ping ndogo na kupima kasi, vitu viwili ambavyo vinaweza kuonekana salama hata tatizo hili likiwepo.

Baada ya hapo ningepaswa kurudi kwenye mtandao wa wageni, lakini nilikumbuka RFC 4638 ya mwaka 2006, inayoruhusu PPPoE kubeba 1500 kamili iwapo Ethaneti iliyo chini yake itapanuliwa hadi 1508, na nikashindwa kujizuia. Kama ingekubali, ningeondokana na MSS ya bandia moja kwa moja. Niliweka 1508 kwenye mlango wa wan na 1500 kwenye PPPoE, nikaanzisha muunganisho upya huku nikichungulia pakiti za ugunduzi zenye namba 0x8863. PADI yangu, pakiti ya kutafuta upande wa pili, iliondoka ikiwa na lebo 0x0120 yenye thamani 0x05dc, yaani 1500, ombi lililoandikwa sawasawa. PADO, jibu lililorudi, ilikuwa na jina la mashine ya kampuni inayopokea miunganisho na kidakuzi chake, lakini lebo yangu haikuwemo, na PADS, pakiti ya mwisho ya kuthibitisha, nayo vilevile. Upande wa pili hauijui au hauitaki. Nimerudisha 1492.

Kiruta kimeshazimiwa mipango yoyote ya kujisasisha, na faili la mipangilio yake nimelinakili kwenye flashi iliyo droo moja na ile ruta ya zamani. Ruta kubwa inaendelea kutangaza Wi-Fi, na katika ukurasa wake wa mwanzo bado inanijulisha kwa maandishi mekundu kwamba haina intaneti, ilhali nyumba nzima inaitumia kupitia humo.