Sita na tisa

Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha darasa la kwanza huko Morogoro. Ukutani nilibandika kadi nilizokata kwenye maboksi: 1 na chini yake moja, 2 na chini yake mbili, mpaka kumi. Kila asubuhi nilizigusa moja moja kwa kijiti, watoto wakaitikia kwa pamoja bila kukosea. Nikaamini wanajua kusoma.

Masika ile ukuta ukavuja, nikazibandua kadi zisilowe. Nikakata tarakimu zote, nikabaki na maneno matupu, nikayatandaza sakafuni pamoja na vizibo vya soda. Kila mtoto aokote kadi, aweke vizibo kwa idadi iliyoandikwa.

Binti mmoja, ambaye mama yake alikuwa akiuza vitumbua karibu na shule, aliokota tisa. Akaweka vizibo sita.

"Hesabu tena."

Akahesabu. Sita kamili. Mtoto huyu alikuwa akirudisha chenji kwa wateja bila kubabaika, nikadhani anafanya mchezo. Nikamfokea, jambo linaloniuma hadi leo. Hakujibu. Aliinua macho taratibu akautazama ukuta mtupu, pale kadi ilipokuwa.

Ndipo nikaelewa. Miezi yote ile walikuwa wakisoma mahali, si neno. Lililo karibu na mwisho ni tisa, la mwisho ni kumi. Niliwafundisha ukuta.

Nikaketi chini kando yake, nikaweka sita na tisa pamoja. Herufi ni zilezile nne! Sikuwahi kuliona hilo. Tukapiga makofi kwa silabi: si-ta, ti-sa. Nikamwomba aweke kidole kwenye herufi ya kwanza kila anapotamka. Alirudia mara tatu, nne, kisha akashtuka:

"Mwalimu, s na t zimebadilishana viti!"

Wenzake wakasogea. Mmoja akaleta nne na nane, akitaka kujua hizo nazo zimefanyana nini. Kengele ya mapumziko ikalia, hakuna aliyetoka.

Kesho yake asubuhi nilisimama kwa mama yake kununua vitumbua. Noti aliipokea binti. Kabla ya kunipa chenji aliilaza kwenye kiganja, akapitisha kidole chini ya maandishi, midomo ikicheza.

"Elfu... m-bi-li," akasema. "Mama, hapa wameandika mbili."