Kifungo na kifungu: sheria ya adhabu inapolegezwa

Bunge likipunguza adhabu ya kosa fulani, swali la kwanza hutoka kwa ndugu wa wafungwa: je, kifungo cha mtu wetu nacho kimepungua? Kwa kawaida hakipungui chenyewe. Hata hivyo, kabla ya kukata tamaa ni lazima zijulikane tarehe tatu: siku kosa lilipotendwa, siku adhabu ilipotolewa na siku sheria mpya ilipoanza kutumika.

Adhabu ikiongezwa baada ya kosa hapana mjadala mrefu, kwa sababu ibara ya 15 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inakataza mtu kupewa adhabu nzito kuliko iliyokuwapo alipotenda kosa. Ibara hiyohiyo inataka mkosaji anufaike adhabu inapopunguzwa, lakini haisemi waziwazi kama unafuu huo unamfikia aliyekwisha kuhukumiwa, na hapo kila nchi hushika njia yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa mfano, inapotoa unafuu huo inataja mabadiliko yaliyotokea kati ya kutendwa kwa kosa na kutolewa kwa adhabu.

Mfano ulionifundisha zaidi ni wa Marekani. Tangu mwaka 1986, gramu 5 za kreki, yaani kokeini ya kuvuta, zilimpatia mtu kifungo kisichopungua miaka 5, sawa na gramu 500 za kokeini ya unga. Agosti 2010 kiwango hicho kilipandishwa hadi gramu 28. Sheria hiyo ilinyamaza kuhusu waliokwisha kuhukumiwa, na kwa kuwa iko sheria ya mwaka 1871 inayohifadhi adhabu za zamani mpaka bunge liseme vinginevyo, wafungwa hao walibaki palepale. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliwapa unafuu waliotenda kosa kabla ya sheria hiyo na kuhukumiwa baada yake. Chukua watu wawili waliokamatwa siku moja, kila mmoja na gramu 20: aliyehukumiwa Julai 2010 alibanwa na ile miaka 5, aliyehukumiwa Septemba hakubanwa.

Katika Kiswahili, herufi moja tu hutenganisha kifungo na kifungu, na kwa wafungwa hawa kifungu kilichokosekana kilipatikana Desemba 2018, sheria nyingine ilipowaruhusu kuomba adhabu zao zipitiwe upya. Neno lenyewe ni kuomba, kwani jaji anaweza kupunguza, halazimiki. Sheria hiyohiyo ililegeza pia adhabu zilizokuwa zikilimbikizwa kwa makosa ya bunduki, lakini hapo ikawaacha nje waliokwisha kuhukumiwa. Ndiyo maana nikiletewa sheria mpya huanza kwa kutafuta kifungu kinachotaja inamhusu nani, kisha masharti ya maombi, maana katika maombi hayo ya kreki, aliyesikilizwa kikamilifu na kukataliwa haruhusiwi kurudi mara ya pili.