Nilivyowapata samaki Massachusetts baridi haijaisha

Ushauri ambao sitaki mtu ausikilize tena ni ule wa kuamka saa kumi alfajiri mwezi wa nne. Mimi ni mtoto wa Kilifi, naishi Lowell, mji wa Massachusetts huku Marekani, na nilipotaka kuvua huku kila niliyemuuliza aliniambia yale yale, samaki wanakula alfajiri, beba rodi nzito, tupa mbali. Hayo ni mambo ya Julai! Aprili barafu ndo imeyeyuka tu, maji yako digrii nne tano hivi, samaki amezubaa, chambo kikimpita mbio wala hajisumbui.

Basi jamaa mmoja anayejiona bingwa akanipeleka bwawa la Walden Pond kule Concord kungali giza. Upepo unakata masikio. Uzi kila ukirudi unakuja na maji, maji yanaganda kwenye pete za rodi, baada ya mitupo michache pete zimeziba barafu na uzi haupiti, inabidi uzichovye majini ziachie, na vidole navyo havikunjiki kufunga ndoana. Masaa yakapita hakuna hata wa kugusa. Jamaa akasema leo hakuna samaki, akaenda zake.

Mimi nikabaki. Nilikuwa na kipimajoto cha bei ya chai na mandazi, nimekifunga kwa kamba, nikazunguka nacho. Huku jua la Aprili linapita upande wa kusini, kwa hiyo ukingo wa kaskazini ndio unaolipokea uso kwa uso, na saa nane mchana maji ya kule yalikuwa yamepanda kama digrii mbili. Nikafunga uzi mwembamba wa kuhimili ratili nne, ndoana ndogo, kipande cha mnyoo, nikaacha kitulie. Trauti wa kwanza, samaki wa maji baridi, alivuta taratibu mno, uzi ulijikunjua tu juu ya maji, nikamtia ndani. Wakafuata wengine. Serikali ya jimbo inamwaga trauti kila machipuko kwenye mabwawa mengi na inatangaza wapi, angalia kabla hujachoma mafuta. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha uzi, nunua ya bati au chuma, maana za madini ya risasi zisizofika wakia moja zimepigwa marufuku kwenye maziwa na mito ya huku tangu 2012, zinaua ndege wanaozimeza.

Lakini raha yangu ni ya baharini. Huu mto Merrimack unaopita Lowell unamwaga baharini Newburyport, na Mei ikiingia straipa wanafika, wale samaki wa mistari wanaopanda kutoka kusini, ghuba ya Chesapeake na mto Hudson. Wenyeji wakaniambia simama ufukweni Plum Island utupe kwenye mawimbi. Nikampigia baba Kilifi kwanza.

"Kuna matope yanayobaki wazi maji yakipwa?"

"Yapo baba, mapana kweli."

"Basi mwanangu mawimbi ya nini? Kaa mlangoni mwa kijito. Maji yakitoka yanatoka na chakula."

Nikaenda Joppa Flats, yale matope ya Newburyport, siku ya jua kali, maji yamekupwa tangu asubuhi, matope meusi yameota jua. Yakajaa, yakalala juu ya yale matope, na jioni yalipoanza kutoka nikatia kipimajoto kijitoni, wallahi yana joto kuliko mtoni kwenyewe! Nikatupa kisamaki cheupe cha mpira juu ya mkondo, nikakiacha kishuke nao hadi pale maji ya kijito yanapokutana na ya mto. Uzi ukasimama, halafu rodi ikapinda. Straipa mdogo, mgongo wa kijani, na mkiani ana chawa wa bahari bado, yaani ametoka baharini sasa hivi. Kila maji yakitoka mchana wa jua nimewapata hapo hapo, na walionicheka sasa wananiuliza nasimama wapi.

Wa mwanzo ni wadogo, warudishe, sheria inataka inchi 28 mpaka chini ya 31, na mmoja tu kwa siku. Ukitumia chambo halisi lazima iwe ndoana ya mviringo, ile yenye ncha iliyopinda kurudi ndani. Kibali cha bahari ni mbali na leseni ya maziwa, vyote viwili havikufilisi. Hela yako itumie kununua ile suruali ya mpira ya kuingilia majini, na mkanda wa kiunoni ukaze sana, ukianguka maji yakijaa humo ndani mkondo wa Merrimack haukurudishi.