Nyumba za senti 88 na meli zilizochoma Mombasa

Jamani, huu mwaka wangu wa nne hapa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, nalea wazee, na nikitoka zamu huwa napitia Fuggerei. Ni kijiji katikati ya mji, kina ukuta na mageti yake, nyumba 67 za rangi ya manjano, na wanaokaa humo wanalipa kodi senti 88 za euro KWA MWAKA. Mimi chumba kimoja kinamaliza nusu ya mshahara. Sharti uwe mwenyeji wa Augsburg, Mkatoliki, huna uwezo, na kila siku usali sala tatu kwa ajili ya aliyejenga na ukoo wake. Saa nne usiku geti linafungwa, ukichelewa unampa mlinzi senti 50.

Aliyeanzisha ni Jakob Fugger, 1521. Babu yake Hans aliingia mjini 1367, mfumaji vitambaa tu, wajukuu ndio wakaja kukopesha wafalme, na mfalme akikosa pesa za kulipa wanachukua madini yake, fedha (silva) ya Tirol, kule milima ya Alps, kwa mfano, ndio utajiri ukafumuka. 1519 Charles wa Tano, mfalme wa Hispania, alipotaka kuwa kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi wapiga kura walikuwa 7 tu, kuwahonga wote ikala gulden (sarafu za dhahabu) kama 850,000, na zaidi ya nusu ilitoka kwa Jakob!

Sasa mimi mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, na kuna jambo lilinikosesha usingizi. Ule msafara wa Wareno wa 1505, ulioongozwa na Almeida, ulioivamia Kilwa mwezi wa saba, na mwezi wa nane ukaja kwetu ukapora mji na kuuchoma moto, meli tatu humo zilikuwa na pesa za wafanyabiashara wa Kijerumani na Kitaliano waliokuwa wanafuata pilipili manga ya India. Welser, ukoo mwingine wa wafanyabiashara wa hapahapa Augsburg, waliweka kruzado (sarafu za dhahabu za Wareno) 20,000, Fugger 4,000. Ndogo kwao, lakini ilikuwemo. Skuli tulifundishwa Wareno, Wareno, Fort Jesus, hakuna aliyetutajia mji huu ninaonunua mkate kila siku.

Zile nyumba bado nazipenda, kuna bibi humo hunipungia mkono dirishani. Ila sasa nikipita nahesabu miaka, 1505, 1521, ni 16 tu katikati.

Kuna makumbusho ya Fugger na Welser hapa mjini, Jumamosi niko off, naenda kuangalia kama Mombasa wameiandika.