Amplifaya yangu haizimi tena ndani ya kabati

Fundi akikwambia amplifaya yako inakata sauti kwa sababu "IC imechoka", yaani kile kidude cha ndani kinachokuza sauti, muulize kwanza kama anajua inakaa wapi nyumbani kwako. Wangu hakuuliza. Alibadilisha kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizovimba vichwa, akachukua hela yake, na baada ya muda mfupi tukawa palepale: mechi imenoga, taa nyekundu inawaka, sauti kwisha. Ukiiacha ipoe, inawaka na kupiga vizuri tu. Sasa IC gani hiyo inayochoka saa mbili usiku na kupona saa tatu?

Kabati lenyewe nililichongesha Keko, mninga mtupu, milango ya kioo, nyuma limezibwa ubao kila upande. Nalipenda, na sikuwa tayari kuona likikatwakatwa ovyo. Ndani kuna amplifaya, king'amuzi na PlayStation ya watoto, na vyote hivyo vinatoa joto lisilo na pa kwenda. Nikaazima kipimajoto cha banda la vifaranga kwa dada yangu, nikakilaza kando ya amplifaya, nikafunga milango, watu wakatazama mpira. Sebuleni ilikuwa nyuzi 31, joto la kawaida la Dar mwezi wa pili. Kipindi cha pili kinaanza, mshale umegota kwenye 50, mwisho wa namba zake. Halafu elewa hivi: zile kapasita zenye majimaji ndani, joto likizidi kwa nyuzi 10 umri wake unapungua karibu nusu. Yule fundi angenibadilishia kila mwaka na kila mwaka ningemlipa.

Ushauri niliopewa unaudhi. Mmoja: "Dada, toa kava la juu, liache wazi ipumue." Ndani ya hilo kava kuna umeme wa volti 230, na mimi nina mtoto anayetambaa! Mwingine akasema milango ikae wazi, yaani vumbi lote la barabarani liingie na watoto wachezee swichi. Wa tatu, aliyejiamini kuliko wote, alikuja na drili akatoboa matundu ubao wote wa nyuma kwa juu, katikati akafunga feni ya kompyuta ya volti 12 na adapta yake. Ikanguruma sebule nzima. Kipimajoto kikashuka mpaka 46 hivi, kikagoma hapo. Akasema niongeze feni ya pili.

Sikuongeza. Nilichukua kijiti cha udi, na hili najivunia mpaka leo. Moshi wa udi ni mwembamba, unafuata upepo hata ule usiousikia kwa mkono. Nikazima feni ya dari, nikavuta kabati kutoka ukutani, feni ya kabati ikizunguka, nikawasha udi. Kwanza nikakishika mbele, chini ya milango: moshi ukapanda wima, hakuna kinachouvuta. Nikazunguka nyuma nikakisogeza kwenye matundu yaliyo jirani na feni. Hapo moshi ukanyonywa ndani, ukapinda, ukatoka kwenye feni hiyohiyo, mwendo wa kama kiganja kimoja. Feni ilikuwa inavuta hewa ya nyuma ya kabati na kuirudisha nyuma ya kabati! Amplifaya ilikaa pembeni na joto lake, haikuguswa. Feni ya pili ingefanya kazi hiyohiyo bure, kwa kelele mara mbili.

Basi nikachukua selotepu pana ya maboksi, nikaziba matundu yote ya juu, likabaki tundu la feni peke yake. Seremala akanikatia mwanya kwenye sakafu ya kabati, upande wa mbele, usioonekana ukisimama, na rafu ya katikati akaipunguza vidole vitatu kwa nyuma ili hewa ipande. Nikarudi na udi wangu. Moshi ukazama kwenye mwanya wa chini, nikauona kupitia kioo ukitambaa mgongoni mwa amplifaya, ukapanda nyuma ya rafu, ukatokea kwenye feni. Mechi iliyofuata kipimajoto kilisimama kwenye 37.

Kelele nayo nikaimaliza. Ile adapta niliitupa. Nilikata waya wa zamani wa kuchajia simu, mwekundu nikaunga na mwekundu wa feni, mweusi na mweusi, hizo nyembamba nyingine nikazifunga tepu zisigusane, nikachomeka kwenye tundu la USB la TV. Feni ya volti 12 ikipewa volti 5 inazunguka taratibu, huisikii, na TV ikizimwa nayo inazima. Ila si kila feni inakubali kuanza kwa volti 5. Nenda dukani na pawabenki na huo waya, ijaribu mbele ya muuzaji. Nilipata ya elfu sita au saba Kariakoo, na kazi nzima pamoja na seremala sidhani kama ilifika elfu arobaini. Kati ya feni na ubao nilikata vipande vya kandambili iliyochakaa, skrubu zikapita humo, mtetemo ukaisha. Hewa hutokea upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota, usije ukaifunga kinyume.

Kabati lisibanwe ukutani, acha upana wa kiganja. Usipandishe king'amuzi juu ya amplifaya. Vitambaa vya kufuma navipenda na vipo kwenye makochi yote, lakini juu ya amplifaya hapana, hata mama mkwe nilimwomba kwa heshima akakubali, maana vinaziba matundu ya kava ambako joto hutokea.

Na mende. King'amuzi ukikizima kwa rimoti hakizimi kabisa, kinabaki vuguvugu usiku kucha, na mende hawana pahali wanapopenda zaidi ya hapo. Kwenye mwanya wa chini nimebana wavu wa dirisha kwa pini za stepla. Unajaa vumbi haraka, hasa kiangazi, na ukijaa hewa haipiti, kwa hiyo nausugua kwa mswaki wa zamani kila ninapodeki sebule.