Siku Moja Maishani Mwangu: Jumatano ya Siliaki Maabarani

Saa 11:30 alfajiri ninaondoka Githurai nikiwa nimekunywa chai ya rangi tu, nikiwahi matatu kabla Barabara ya Thika haijajaa magari. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na Jumatano ndiyo siku tunayopima kwa pamoja sampuli za ugonjwa wa siliaki (kinga ya mwili kuushambulia utumbo mwembamba mtu anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano) zilizokusanywa tangu wiki iliyotangulia, kwa kuwa vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, ni ghali mno kufunguliwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja.

Saa 1:30 asubuhi, kwenye kiti cha kutolea damu, ameketi binti wa miaka tisa ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana jioni, ingawa kipimo hiki hakihitaji mtu kufunga. Kabla ya kufungua sindano ninamuuliza mamake kama mtoto anakula ngano. "Ameacha mkate na chapati miezi mitatu sasa, daktari," anajibu kwa fahari, na mimi, ambaye si daktari, ninairudisha sindano kwenye sinia. Kingamwili tunazozitafuta, yaani protini za kinga zilizo kwenye damu, hutengenezwa mwili unapokutana na gluteni, na gluteni ikiondolewa hupungua, hata mgonjwa halisi akaonekana mzima. Ninampigia simu daktari aliyewatuma, naye anaagiza mtoto ale ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki sita, ndipo arudi. "Mama, mpe chapati," ninasema. Binti anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Saa 3:00 ninapitia fomu za maombi, kazi inayonichosha kuliko zote. Moja imeandikwa "kipimo cha gluteni" basi, na nyingine inaomba kipimo cha mzio wa ngano, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa. Ombi ninalopenda kuliona lina mambo mawili: kingamwili za IgA (aina moja ya kingamwili) dhidi ya transglutaminezi, ambayo ni kimeng'enya cha mwili wenyewe, na kiwango cha jumla cha IgA. Hilo la pili ndilo husahauliwa, ilhali kati ya wagonjwa 100 wa siliaki, wawili au watatu hawatengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kwanza hakina maana yoyote. Daktari makini huongeza hesabu ya chembe za damu na feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini, kwani upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma mara nyingi ndio dalili ya kwanza.

Kuanzia saa 4:30 ninaandaa sahani ya Elaiza, kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi, yenye visima 96, ambavyo kuta zake zimepakwa transglutaminezi. Ninatia maji ya damu yaliyozimuliwa, ninasubiri, ninaosha, kisha ninaongeza kiunganishi, kinachoshika kingamwili zilizonasa, na kuosha tena. Rangi inapotiwa, visima vyenye kingamwili hugeuka bluu taratibu, na tone la asidi huvifanya vya manjano ghafla. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado huinama kuitazama.

Saa 7:00 ninakula ugali na sukuma. Mahindi hayana gluteni, jambo ambalo huwaliwaza wagonjwa wetu kuliko maelezo yangu yote.

Saa 8:15 mashine inasoma sahani. Sampuli mbili ziko juu sana, na madaktari wao wataamua kuhusu kingamwili za endomisiamu (kipimo kingine cha kuthibitisha) na kuchukuliwa kwa kipande cha utumbo mwembamba. Ya tatu, ya kijana mwenye kuhara kwa muda mrefu na uzito uliopungua, inasoma karibu na sifuri. Ninakagua IgA yake ya jumla: iko chini ya gramu 0.07 kwa lita. Fomu haikuiomba, niliiongeza baada ya kumsumbua daktari kwa simu siku ya Jumatatu.

Saa 9:40 ninampigia tena. "Usimwambie hana siliaki," ninamsihi. "Tuombe kingamwili za IgG dhidi ya peptidi za gliadini, na mgonjwa asiache ngano kwanza." IgG ni aina nyingine ya kingamwili, na gliadini ni sehemu ya gluteni. Ananyamaza kidogo, halafu anauliza kama maji ya damu yaliyobaki yanatosha. Yanatosha. Saa 10:30 ninaandika lebo upya, ninaiweka chupa kwenye friza na kuvua koti.