Kabla dogo hajasaini mkataba wa uanagenzi

Kila nikikaa na wazazi wenye watoto wa sekondari mjadala ni ule ule, chuo kikuu au ufundi, na wanaotetea ufundi siku hizi wamekuwa wengi kweli, wanakwambia ajira zipo huko, mtoto analipwa huku anasoma. Mi sipingi. Ila mbona hakuna anayeuliza huo uanagenzi wenyewe, yaani kujifunza kazi huko huko kazini, ukoje? Maana kuna kijana atakaa miaka mitatu na fundi akatoka fundi, na kuna mwingine atakaa miaka mitatu hiyo hiyo anafagia, anabeba vyuma, anatumwa vocha, akitoka hapo hana hata karatasi ya kumwonyesha mtu.

Wajerumani hili walishalishtukia zamani. Sheria yao ya mafunzo ya kazi ni ya 1969 na inasema wazi mwanagenzi apewe kazi zinazoendana na mafunzo yake tu, kwa hiyo bosi hana ruhusa ya kumgeuza kijana wa kutumwatumwa. Kwa wiki unakuwa kazini siku 3 au 4, zinazobaki uko darasani. Mwanzoni kuna kipindi cha majaribio, mwezi 1 mpaka 4, mkishindwana kila mtu anashika njia yake bila kesi. Na kinachonifurahisha zaidi ni mtihani wa mwisho, bosi wako hausimamii yeye, unasimamiwa na chemba ya biashara au ya mafundi, kwa hiyo cheti chako kinasomeka hata kwa mtu asiyemjua bosi wako wala karakana yake.

Uswisi nako karibu theluthi mbili ya vijana wanapita njia hii, na sio useremala na umeme peke yake jamani, kuna benki, maabara, bima, kompyuta. Sergio Ermotti aliyekuja kuongoza benki ya UBS alianza kama mwanagenzi kwenye benki moja Lugano akiwa na miaka 15. Sawa, huyo ni mmoja, wengi hawatafika huko na wala sio lazima wafike. Cha maana ni kwamba mwaka 1994 walianzisha cheti cha ziada ambacho mwanagenzi akikipata anaingia vyuo vikuu vya sayansi tumizi, yaani aliyeanzia karakana akija kutaka digrii mlango bado uko wazi. Mzazi anayeogopa ufundi mara nyingi anaogopa hilo tu, kwamba mwanae akishaingia huko ndio basi.

Halafu kuna ujuzi ambao darasani huwezi kuupata, hata mwalimu awe mzuri vipi. Mpwa wangu anajifunza umeme, siku moja nilikuwa namwangalia anabadilisha soketi. Keshazima umeme wa chumba kile, mi nikanyoosha mkono, akanizuia, "Mjomba, usiguse kwanza." Akachukua tesita akaijaribu kwenye sehemu anayojua ina moto, ikawaka, akaja kwenye ile soketi, kimya, halafu akarudi tena kule kwa mwanzo, ikawaka. Nikamuuliza sasa hiyo ya tatu ya nini, akasema kama tesita imekufa hapo katikati utajuaje? Hiyo kitabuni ni mstari mmoja na kwenye mtihani unaujibu fresh, ila mkono unaizoea kwa sababu kuna mtu mzima alikuwa anakufokea kila ukiiruka.

Kwa hiyo ukipelekewa mkataba usome kabla ya kuuliza posho. Utafundishwa nini na nini na kwa muda gani, nani anakufundisha (jina, sio "mafundi wetu"), mtihani anatoa nani, cheti kinatambulika wapi, siku za darasani zimeandikwa au ni ahadi ya mdomo. Kama wanakubali, omba ukae pale siku chache kabla hamjaandikishana, Waswisi wanafanya hivyo wakati mtoto bado yuko shule, na wapo wanaogundua siku ya pili tu kwamba hii kazi hawaiwezi, bora ijulikane mapema.

Na ukiwa pale usimuulize bosi kama wanafundisha vizuri, atakwambia nini zaidi ya ndio. Mtafute mwanagenzi wa mwaka wa mwisho, bosi akiwa hayupo, umuulize mwezi huu kafanya kazi gani mwenyewe bila kushikwa mkono. Akianza kuhesabu vikombe vya chai alivyopeleka ofisini, mshukuru uondoke.